Pampu ya Kumwagilia Maua ya Mama

Nakumbuka Jumapili ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pampu niliyoiunda mwenyewe ilipowaka bila kuguswa, na maji yakaanza kudondoka kwenye makopo ya maua ya mama. Nilikaa sakafuni nikitazama kopo baada ya kopo. Hakuna lililofurika, hakuna lililokosa. Mwanangu, sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama asubuhi ile, na ndiyo maana nakusimulia.

Mama aliishi peke yake Magomeni, hapa Kilosa. Magoti yalipomkatalia shamba la Masanze, alihamishia ukulima wake chumbani, maana maua ya barazani yaliliwa na mbuzi. Mimi nilikuwa Mikumi natengeneza majokofu, narudi mwisho wa mwezi. Kuinua ndoo hakuweza, hivyo kila asubuhi jirani yetu, Mama Zuhura, alikuja kumwagilia. Sikumlipa, nilimletea kilo moja ya sukari kila mwezi.

Ufundi ule nilijifunza kwenye simu. Pampu ilikuwa ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, betri ilikuwa ya pikipiki, nikaongeza mirija myembamba na taima, yaani saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe. Pipa la maji lilitosha mpaka nirudi tena.

Mama Zuhura alipoingia, nilimwonyesha.

"Shikamoo mama. Kuanzia leo usijisumbue tena."

"Marahaba. Kwa hiyo nimeachishwa kazi?" Alicheka. "Na umbea wa mtaa mama yako ataletewa na nani, hiyo pampu?"

Mama naye alicheka, ila kidogo. Tulipobaki wawili aliniambia, "Ungeniuliza kwanza, baba." Nilimjibu kwamba taima haichelewi.

Unazijua adabu za kwetu. Mtu aliyeambiwa asijisumbue haji tena mpaka aitwe. Si kinyongo, anaona akibisha hodi bila sababu ataonekana anachungulia sufuria za watu. Na mama hakuwa mtu wa kumwita jirani hivi hivi tu. Sababu ya kuja niliiondoa mimi, tena kwa maneno ya upole.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, simu ya mama haikupokelewa siku mbili. Nilidhani haina chaji. Siku iliyofuata nilimpigia Mama Zuhura, akaenda. Alimkuta sakafuni chini ya dirisha lenye makopo, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alifikishwa hospitali akiwa hai. Jioni haikumkuta.

Baada ya mazishi Mama Zuhura alikaa karibu yangu, akasema bila kupandisha sauti, "Maua nimeyakuta yamelowa, mwanangu. Yote."



Unda vitu, mwanangu, sikukatazi. Lakini kabla hujampunguzia mtu kazi, kaa naye uone kazi hiyo inamfikisha kwa nani. Na ukimwachia mzazi wako mashine, mwachie pia mtu mwenye sababu ya kubisha hodi kwake kila siku. Mungu akuzidishie akili ya mikono, na macho ya kuwaona watu ayatangulize mbele yake.

Mimi, kwa miezi ile mitatu, niliokoa kilo tatu za sukari. Shilingi elfu tisa.