Kijivu Hakina Chama

Nilipaka nyumba nzima ya wazazi wangu rangi ya kijivu, kuanzia mlango wa mbele mpaka chooni, kwa sababu nilitaka kuolewa. Nikieleza hivyo watu hucheka, na wana haki, lakini wakati ule niliona ni jambo lenye akili kabisa. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano nyuma. Kazi sina, shahada ninayo, na muda wa kufikiri ninao tele. Mimi si mtu wa kuachiwa muda wa kufikiri.

Mchumba wangu, kijana wa watu wa Mombasa wanaokaa Peckham, huku huku ughaibuni kama sisi, alinipigia simu kuniambia kwamba Jumapili ya mwisho ya Novemba baba yake na shangazi yake watakuja kwetu Thornton Heath kuleta posa. Baba yangu akasema karibuni. Mama naye akasema karibuni, ila posa ya binti yake haijibiwi bila ya kaka yake yeye, mjomba wangu, kuwepo. Hapo baba akaweka kikombe chini, kwa sababu baba na mjomba walikuwa hawajakaa chumba kimoja tangu uchaguzi uliopita wa Zanzibar.

Wote wawili ni watoto wa Unguja, wamezaliwa miaka michache baada ya mapinduzi, mtaa na mtaa. Wote wameondoka zamani, na hakuna hata mmoja aliyepiga kura kule tangu mimi nizaliwe. Lakini mmoja ni wa chama hiki na mwenziwe ni wa chama kile, na hugombana kama watu wanaowania ubunge. Mara ya mwisho walianza na bei ya karafuu, wakaishia mjomba kutoka mbio kwenye mvua, viatu mkononi, pilau yake bado inafuka mezani.

Kibaya zaidi, yule shangazi ndiye mwenye neno kwao, na alikuwa amekwisha kumwambia mchumba wangu: "Mimi siozeshi mtoto kwenye nyumba ya maneno. Nikisikia ugomvi, nachukua mkoba wangu naondoka." Kwa hiyo harusi yangu ilitegemea jambo moja tu: wanaume wawili wakae saa moja bila kutajiana siasa.

Nikaitazama sebule yetu. Ilikuwa ya kijani, rangi ya chama cha baba. Baba aliipaka mwenyewe miaka mingi nyuma, na mpaka leo mjomba haamini kwamba kopo lile la rangi lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa rahisi. Kwa Mzanzibari wa rika lao, ukitaja rangi umetaja chama. Nikaona wazi: mjomba ataingia, ataona kijani, atasema neno, baba atajibu, shangazi atachukua mkoba.

Nikaanza kutafuta rangi nyingine. Manjano ina wenyewe. Nyekundu, usiseme. Buluu ilimfanya baba akohoe. Nilitaja zambarau jikoni, kwa sauti ndogo tu, akatokea kutoka bafuni na povu usoni kuuliza nani kasema zambarau. Nyeupe je? Mama, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, alisema hapaki nyumba yake rangi ya kazini. Baba alisema nyeupe ni kusalimu amri.

Ndipo nikafika kwenye kijivu. Sijawahi kumwona mtu akiandamana na bendera ya kijivu. Niliruka kitandani kwa furaha, kweli, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikaruka.

Dukani nikakuta vijivu havina idadi. Nilirudi na basi, mfuko umejaa vikopo vidogo vya kujaribia, vyenye majina ya ukungu na kokoto na manyoya ya njiwa, nikachora viraka ishirini na saba ukutani. Vingine vilikuwa na ubuluu ndani yake ukivitazama asubuhi. Kimoja, jua lilipotoka kwa dakika nne, kilikuwa na zambarau. Nilimtumia mchumba wangu picha zote.

"Zote ni moja," akaniambia kwenye simu.

"Hazifanani hata kidogo!"

"Mpenzi, ni ukuta. Wanakuja kukuona wewe."

Mama alisimama mbele ya vile viraka na kikombe chake cha chai. "Umeutia ukuta wangu mba," akasema.

Nikachagua kiraka nambari kumi na nane. Mpango ulikuwa sebule tu. Lakini mjomba ataingia kwa ukumbini, na ukumbi nao ulikuwa kijani, basi nikapaka ukumbi. Atakwenda kutia udhu, basi bafu. Akitoka bafuni ataona ngazi. Kutoka kwenye ngazi, mlango wa chumba cha wazazi ukiwa wazi, utaona kona ya ukuta wa pichi, na pichi jioni hukaribia manjano. Siku ya tano nilikuwa napaka ndani ya kabati la mashuka, na hapo nikiri kwamba hakuna mgeni anayefungua kabati la mashuka.

Mama alizunguka nyumba nzima, mkono kiunoni. "Mwanangu, hii ni nyumba iliyopigwa plasta, wenyewe wakaishiwa. Watadhani bado tunajenga."

Baba alirudi kazini, akagusa ukuta kwa kidole kimoja. "Rangi gani hii?"

"Kijivu, baba. Haina upande."

Akaifikiri. "Haina upande, sawa. Lakini inaegemea wapi?"

Jumapili yenyewe niliamka kabla ya kengele ya simu, nikashuka sebuleni. Kwenye ukuta wa dirishani niliona, au nilidhani nimeona, kijani kinachungulia chini ya kijivu. Nikafungua kopo na kuupaka ukuta ule mkono wa tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, nje baridi, ndani madirisha yametoa jasho.

"Itakauka kweli, mama?"

"Kwetu tulikuwa tunapaka chokaa asubuhi," akasema, akichagua mchele, "na adhuhuri tumeegemeza migongo tunakula. Rangi gani isiyokauka?"

Nilitaka kumwamini, nikamwamini. Mama akafukiza udi kuua harufu, na saa tisa kamili kengele ikalia.

Mwari haonekani mpaka aitwe. Nikakaa juu kwenye ngazi, mahali ambapo mlango wa sebule ukiachwa wazi kidogo unaona nusu ya chumba. Mjomba alifika kwanza, kanzu nyeupe, kofia yake ya kazi nzuri. Akasimama ukumbini.

"Mmehama?"

"Nyumba ni ile ile, kaka," mama akasema.

Akazitazama kuta juu mpaka chini. "Alhamdulillahi. Naona kuna mtu kaongoka."

"Nani kaongoka?" Ilikuwa sauti ya baba, kutoka ndani.

"Wageni wamefika!" mama akapiga kelele, na kweli, nashukuru mpaka leo, walikuwa wamefika. Baba wa mchumba wangu aliingia akatabasamu, mtu mpole, hakusema zaidi ya salamu. Nyuma yake shangazi. Alivua koti lake jeusi, na chini yake alikuwa amejitanda mtandio wa kijani.

Kijani cha kasuku. Na mbele ya kuta zangu nambari kumi na nane, kile kijani kiliwaka kama taa ya barabarani. Niliweza kukiona nikiwa nimefumba macho. Siku tano nimepaka nyumba ili pasiwe na kitu cha kuonekana, na sasa hapakuwa na kitu kingine cha kuonekana.

Sofa wakapewa wageni. Baba, kwa adabu, akakaa kwenye zulia na kuegemea ukuta wa dirishani. Mjomba hakutaka kushindwa adabu, akakaa kando yake, naye akaegemea. Ukuta wa dirishani! Nikamtumia mama ujumbe: RANGI MBICHI. Nikasikia simu yake ikilia jikoni, peke yake.

Walianza vizuri. Wakaulizana habari za watu wa Mombasa na watu wa Unguja. Kahawa ikapita. Kisha baba akasema, kwa sauti yake tamu ya hatari, "Mtandio wako mzuri, dada. Rangi ya heshima."

"Rangi ya heshima?" mjomba akasema. "Heshima gani, shemeji?"

"Nimesifu nguo."

"Umesifu nguo, eeh."

"Sasa mtu hata nguo asisifu?" Baba akajitoa ukutani, kidole kimepanda juu. "Ngoja nikwambie kitu, bwana..."

Nilisimama. Niliona mkono wa shangazi ukitambaa kwenye sofa kuelekea kwenye mkoba, nikajiona mimi mwenyewe nikizeeka ndani ya kabati la mashuka. Lakini mkono ukasimama njiani. Shangazi alikuwa anamtazama baba mgongoni.

"Kwani mwapaka rangi nyinyi wenyewe?" akauliza.

"Rangi gani?"

Mjomba akageuka kutazama. Mgongo wa baba, kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, ulikuwa kijivu kutoka mabegani mpaka kiunoni. Mjomba akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi ainuke, akishika magoti, "Yakhe, umekuwa ukuta! Umekuwa ukuta!" na alipogeuka kumwonesha mama, chumba kizima kikauona mgongo wake yeye.

"Na wewe!" baba akapiga yowe. "Mtazameni! Mtazameni na yeye!"

Wakawa wanageuzana kama watoto wanaopimwa nguo za sikukuu, kila mmoja anashikilia kwamba mwenziwe ndiye aliyepakwa zaidi. Baba wa mchumba wangu alikuwa anafuta machozi.

"Basi," shangazi akasema, akijifuta na ncha ya mtandio, "nimekuja kutafuta mke, nimekuta chama kipya. Wanachama wawili, sare moja. Haya wanachama, mtoto mnatoa hamtoi?"

Baba akamtazama mjomba. Mjomba akamtazama baba. "Sema wewe, shemeji," baba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ule uchaguzi alisema neno hilo bila kulitafuna.

"Kwetu tushakubali," mjomba akajibu. "Nimuulize mwenyewe."

Akaja mpaka chini ya ngazi. Nilijua desturi, kila msichana anaijua: ukiulizwa, unainamisha kichwa na kunyamaza, na kimya chako ndiyo jibu.

"Mwanangu, hawa watu wamekuja kukuposa. Umeridhia?"

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Sekunde moja. Mbili. Na je, wakidhani nimenyamaza kwa hofu? Wakidhani ninafikiri? Na kweli nilikuwa ninafikiri! Je, kimya cha kuridhia kinatofautianaje na kimya cha mtu anayefikiri kama kimya chake kimeeleweka?

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Ndiyo, mjomba! Nimeridhia! Ndiyo!"

Kigelegele cha shangazi kikapasua nyumba, na cha mama kikakifuata.

Mjomba alibaki ameshika ukingo wa ngazi, mabega yanamcheza kwa kicheko. "Shemeji," akamwita baba, "njoo usikie. Wenziwe hujibu kwa kunyamaza. Huyu wako kaujibu mtaa mzima."