Walipotutaka Tuwaite Waume Zetu

Asubuhi ile nilikuwa shambani, mlimani juu ya Mlali, nikivuna maharage na mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa. Yeye alikuwa Mwislamu. Mimi na mume wangu Martini tulibatizwa misheni kabla ya kuoana. Jambo hilo halikutugombanisha. Mama mkwe alikuwa akinitania kwamba navuna taratibu kama bibi harusi, ilhali nina mimba kubwa.

Mizinga ikaanza kunguruma bondeni, tukarudi mbio kijijini. Wadachi, yaani Wajerumani waliokuwa wakitutawala, walikuwa wakirudi nyuma, Waingereza wakiwafuata, na Wadachi hao walitaka watu wa kuwabebea risasi kupanda milima. Tulikwisha kusikia kwamba waliochukuliwa upande wa Ngerengere hawakurudi. Martini na wanaume wenzake wakakimbilia migombani na msituni.

Askari wa Wadachi walipokuta kijiji hakina wanaume, walitukusanya sisi wanawake, wakatufunga kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Mkubwa wao alisema kila mwanamke amwite mumewe. Wanaume wakitoka, tutafunguliwa. Wasipotoka, tutabeba sisi.

Wa kwanza aliita. Mumewe akatoka, mikono kichwani. Wakamfunga.

Niliogopa hata nikajikojolea. Sioni haya kusema. Sala zote nilizofundishwa misheni zilinitoka. Nilibakiwa na maneno machache tu: "Yesu, kaa nami hapa."

Nikayarudia. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa akimwomba Mungu kwa Kiarabu, pumzi zake zikinigusa shingoni.

Hofu haikuondoka. Ila niliweza kufikiri. Nilijua Martini yuko karibu, na kwamba akisikia sauti yangu hatavumilia.

Askari akafika kwangu.

"Mwite."

"Simwiti."

"Utabeba wewe, na tumbo hilo?"

"Nitabeba."

Alinipiga begani kwa kitako cha bunduki. Nikaanguka. Kamba ikamvuta mama mkwe, naye akaanguka kando yangu. Alinishika mkono. Hakumwita mwanawe.

Majani ya migomba yakachakacha.

"Nipo," Martini alisema. "Wafungueni."

Walitufungua, wakamtwika sanduku la risasi. Aliponipita alisema, "Agata, mtunze mama." Yeye na wenzake walipandishwa mlimani mmoja mmoja hadi ukungu ukawafunika.

Hakurudi. Mwenzake aliyerudi alituambia kwamba Martini aliugua kuhara damu njiani kuelekea Rufiji, akafa, wakamfukia kando ya njia. Mama mkwe alimsomea hitima, mimi nikamsalia rozari, chini ya paa moja. Binti yetu alikuwa amekwisha kuzaliwa, anatambaa.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia mlango ukigongwa, nikidhani askari wamerudi. Nilirudia maneno yale yale machache, kisha nikafungua. Ndivyo nilivyoishi. Hofu ilikuja, nami nilikuwa na wa kumwambia.

Watu huniuliza: kama Mungu alikusikia, mbona Martini alikufa? Nawaambia ninachokijua, maana mfiwa ni mimi. Niliomba nisiachwe peke yangu katika kamba ile, na sikuachwa. Nilitaka pia mume wangu abaki msituni, azeeke nami. Hilo sikupewa. Nimemshukuru Mungu kwa lile la kwanza, na hili la pili bado namlilia.