Jiwe la kufulia lililobeba majina ya ndugu wawili

Saa moja na nusu asubuhi, umande wa Machi ungali umeganda kwenye majani, na Roseline Lehodey amepiga magoti kando ya birika la mawe la kufulia nguo la kijiji cha Varambosc, Normandia, kaskazini mwa Ufaransa. Anasugua ukoga kwa brashi ngumu. Kila anaposogea, magoti yanamlia.

"Haya magoti ni ya serikali," anatania. "Nikistaafu nitawarudishia."

Ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mfanyakazi pekee wa kijiji. Anafyeka nyasi za kando ya barabara, anazibua mitaro, anafagia makaburi na kutunza ufunguo wa kanisa. Mshahara wake ni euro 1,520 kwa mwezi, na hana malalamiko nao, au kama anayo, hayasemi kwa mgeni.

Kazi yake ya pili haina mshahara. Kwa miaka kumi na mmoja Roseline amekuwa akiufuatilia ukoo wa mabwana wa Varambosc, waliomiliki ardhi hii tangu kabla Wanormandi hawajavuka bahari kwenda kuiteka Uingereza. Wameondoka siku nyingi. Wameacha jina la kijiji na shimo lililokuwa ngome yao, ambamo sasa ng'ombe hunywa maji.

Ni ule ufunguo wa kanisa uliomponza. Kiangazi kimoja walifika mtu na mkewe kutoka Devon, Uingereza, ambao jina lao la ukoo ni hilohilo la kijiji. Walitaka kuona kaburi la mababu zao. Kaburi halikuwapo, lakini meya wa wakati huo alikuwa na dawa ya wageni wa namna hiyo: aliwaonyesha jiwe lolote kuukuu, wakapiga picha, wakanunua chupa sita za sida, pombe ya matufaha, wakaondoka roho kwatu.

"Yule mama alilia," anasema Roseline. "Alilia juu ya jiwe la kufungia farasi. Mimi nimesimama pale na ufunguo mkononi, naona haya mpaka leo."

Basi kila Jumatano mchana, nusu siku yake ya mapumziko, akaanza kwenda Saint-Lô kwenye nyaraka za mkoa. Huko akaambiwa linalojulikana na kila mtu wa huku: hati za kale ziliungua Juni 1944, mji ulipopigwa mabomu. Zilizosalia za Varambosc ni nakala tu, madaftari manne ya Padri Toutain, aliyekuwa paroko hapa miaka sitini kabla ya moto.

Padri alikuwa na mwandiko mzuri na subira haba. Alinakili mashamba, vinu na kesi, maana Mnormandi hajapata kuichoka kesi. Wanawake aliwaruka. Humo madaftarini mabwana wa Varambosc wanazaana wenyewe kwa wenyewe, baba kwa mwana, kana kwamba hakuna mama aliyepata kuingia katika nyumba ile.

Kwa kuunga kipande na kipande, Roseline alifika mwaka 1204. Mwaka huo mfalme wa Ufaransa alimnyang'anya mfalme wa Uingereza nchi hii ya Normandia, na mabwana waliokuwa na ardhi pande zote mbili za bahari wakaambiwa wachague upande mmoja. Mshika mawili moja humponyoka. Raoul wa Varambosc alibaki, akala kiapo kwa mfalme mpya. Miaka hiyohiyo, ng'ambo, katika hati za Devon anatokea mtu anayeitwa Gervais wa Varambosc.

Je, walikuwa ndugu? Au binamu? Au Gervais alikuwa mtumishi tu aliyechukua jina la alikotoka? Upande huu hakuna karatasi iliyomtaja. Waliovuka walifutwa, ardhi yao ikagawiwa wengine. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Nilikwama hapo miaka saba," anasema. "Nawauliza wenye elimu, Gervais ni wa nyumba hii? Wananijibu kama babu zetu: labda ndiyo, labda siyo."

Alipoulizwa kwa nini mtu wa fyekeo ahangaike na mtu aliyekufa miaka mia nane iliyopita, Roseline aliacha kusugua. Kisha akamtaja mdogo wake, Régis.

Régis aliondoka mwaka ambao baba yao alilala kitandani kwa ugonjwa. Ng'ombe ishirini na wawili, dada mmoja, na mgonjwa. Alisema anakwenda kisiwani Guernsey kufanya kazi kwenye mabanda ya nyanya, miezi sita tu. Baba akafa Novemba. Roseline alipiga simu, Régis hakuja kuzika.

Huku watoto huweka juu ya kaburi la mzazi bamba dogo la marumaru lenye majina yao. Roseline aliagiza bamba lenye jina moja, la kwake.

"Nilikuwa na hasira. Mchongaji akaniuliza, na Régis je? Nikamwambia, andika nilichokuambia."

Oktoba iliyopita birika la kufulia lilianza kuvuja. Roseline aliinua kwa mtaimbo jiwe moja kubwa ambalo wanawake wa kijiji walifulia juu yake kwa zaidi ya miaka mia mbili. Alipoingiza mkono chini yake kuondoa tope, vidole vilipita kwenye herufi.

Wazee husema kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kanisa lilivuliwa kila kitu, na mawe yake mazuri yakachukuliwa na aliyewahi. Waliolileta hili waliligeuza kifudifudi ili nguo zisikwaruzwe na maandishi. Sabuni na mapigo ya nguo vililamba mgongo wake, uso ukabaki salama topeni.

Kuligeuza haikuwa kazi ya siku moja. Bi Quesnel, mwenye miaka tisini na mmoja, alikwenda ofisini kwa meya na fimbo yake kupinga. "Magoti ya mama yangu ndiyo yaliyolilainisha lile jiwe," alimwambia Roseline mbele ya watu. "Na wewe mtoto unataka kulipindua kwa ajili ya mabwana? Walitufulia hata soksi, hao?"

Baraza lilipiga kura, sita kwa watano. Trekta likaja. Nusu ya kijiji ilisimama kutazama, na Bi Quesnel mbele kabisa, akiwa amekalia kiti alicholetewa. Mwalimu mstaafu wa Kilatini aliinama, akasoma polepole: hapa amelala Mabile, bibi wa Varambosc, mama wa Raoul na wa Gervais.

Wote wawili. Mfalme alikwisha kumfuta mmoja, majirani walikwisha kugawana mashamba yake, na pengine Raoul mwenyewe hakutaka kusikia jina hilo likitajwa. Mama alilitaka liandikwe.

Roseline anasema hakusikia watu waliposhangilia. Alimsikia Bi Quesnel tu, aliyemvuta mkono wa koti.

"Régis wako alikuja," alisema bibi. "Mwaka ule uliofuata. Nilimwona kupitia dirisha langu. Alisimama kaburini kwa baba yenu, kofia mkononi, akasoma bamba. Kisha akarudi zake barabarani."

Roseline alimuuliza kwa nini amekaa na habari hiyo miaka yote.

"Hukuniuliza," alijibu Bi Quesnel.

Wiki ile ile Roseline aliandika barua Devon. Yule mama alijibu kwamba amelia tena. Wa Normandia wameungana na wa Uingereza, na mti wa ukoo, uliochorwa kwa penseli kwenye karatasi ya kufungia nyama, sasa una matawi mawili.

Lakini Roseline anaendelea kusaka, na kinachomkosesha raha ni kile asichokiona. Katika hati zote, za huku na za huko, hajaona popote kwamba Gervais alirudi, wala kwamba kuna aliyevuka kumfuata. Mabile alingoja mpaka akafa.

"Namkumbuka Régis nikikata mkate," anasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akila ncha."

Namba ya simu ya zamani haipo tena. Alichonacho ni bahasha yenye jina la banda la nyanya, na tiketi ya boti ya kwanza ya msimu kwenda Guernsey, tarehe kumi na mbili Aprili. Hajawahi kuvuka bahari. Bi Quesnel amempa chupa ya kalvado, pombe kali ya matufaha, ya kutuliza tumbo, na onyo kwamba asiimalize kabla ya kufika.

Bamba la jina moja amekwisha kuling'oa. Jipya hajaagiza.

"Nikimpata, sitamwambia mengi," anasema, akichukua tena brashi. "Nitamwambia kaburi la baba halina maandishi, twende tukaandike."