Fungu la Chini, Kashebere

“Dada, na kwenu muko mu fungu gani?”

Niliulizwa hivyo mbele ya watu pale Kashebere, mashariki mwa Kongo, mimi niliyezoea kuwauliza maprofesa mpaka wakachoka. Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo ingawa sina mvi. Kazi hii ya utafiti unayotaka kuianza inazeesha.

Tulikuwa tunatafiti tofauti ya maisha kati ya wenye nacho na wasio nacho. Njia yetu tuliiona rahisi. Unakusanya wanakijiji, unachora miviringo mitatu ardhini, yaani mafungu matatu: la juu, la kati, la chini. Unataja kila nyumba, watu wanasema iko wapi, unaweka punje ya haragwe. Darasani tulifundishwa kwamba huko ndiko kuwashirikisha wananchi.

Nilikuwa nalala kwa Mama Furaha, mjane aliyelima mihogo katika mashamba ya wengine. Binti yake Furaha alichumbiwa na kijana wa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka kando ya barabara. Jumapili iliyofuata mkutano wetu wazee wa kijana walikuwa waje kupanga harusi. Siku ya mkutano wenyewe, Papa Kambale alikaa kwenye benchi ya mbele, pamoja na ndugu zake.

Nikataja nyumba ya Mama Furaha. Jirani mmoja mcheshi akasema:

“Weka tu ku ya chini. Hata kuku yake inalalaka kwetu.”

“Inakujaka kukuletea akili,” Mama Furaha akamjibu, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia nikiwa nimeshika punje, ndipo akaniuliza lile swali, kwetu tuko fungu gani. Punje nikaiweka kwenye fungu la chini, kwa kuwa watu walikuwa wameshasema.

Jumapili alipika sombe ya majani ya mihogo, akaazima viti kwa majirani. Hakuja mtu. Jioni nikaenda dukani kwa Papa Kambale. Alikuwa anapanga sabuni, na hakuacha kupanga.

“Ule mama tunamujua,” alisema. “Mimi sikukuwa na shida. Lakini ndugu zangu walisikia mu mukutano. Sasa wanasema tunaenda kuoa mu fungu ya chini. Nitawajibu nini?”

Neno hilo halikuwepo kijijini kabla yetu. Umasikini ulikuwepo, kila mtu aliuona akipita, lakini haukuwa na jina la kuitwa mbele ya wakwe. Kijana alioa kwingine, Masisi. Furaha alibaki kulima na mama yake.

Basi ukienda, mwanangu, nenda nyumba kwa nyumba, kaa jikoni, sema polepole. Usitangaze umasikini wa mtu mbele ya jirani, hata kama jirani anaujua kuliko wewe. Kabla hujaandika jibu, fikiri litamkuta wapi mwenye nyumba wewe ukishapanda pikipiki kurudi mjini. Sikukatazi kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha, nimechoka tu. Mungu akutangulie kwenye milima ile, akupe wenyeji wema, na akujalie moyo wa kuona haya.

Mimi nilichelewa sana kujua kwamba mtafiti mwenzetu mmoja alirudi Kashebere baadaye, akauliza watu mmoja mmoja nyumbani kwao, bila mkutano wala punje. Alipata mafungu yaleyale tuliyoyapata sisi mbele ya wakwe.