Orodha Husomwa Kutoka Chini

Matokeo ya shule kumi na moja za msingi za mtaani yakibandikwa, mwalimu mkuu huyasoma kuanzia chini, kidole chake chenye vumbi la chaki kikipanda polepole. Kikifika namba kumi, ilipo shule yake, hushusha pumzi: "Wale bado wapo nyuma yetu." Aliposikia kwamba shule ya mwisho huenda ikafungwa, usingizi ulimruka. Akawapelekea chaki, madawati, hata mwalimu wake bora wa hesabu.

"Mkuu, una roho nzuri," karani alimsifu.

"Wakifungwa hao, mama, wa mwisho atakuwa nani?"

Leo kidole kimeanza chini kama kawaida, kikakuta jina la shule yake, kikaganda hapohapo.

"Yule mwalimu wetu wa hesabu," anamuuliza karani taratibu, "anarudi lini?"