Panya wengi, bundi mmoja: Mshona magunia wa Malampaka

Jua ndiyo kwanza linachomoza Malampaka, na Esteria Malimi ameshakaa chini ya ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, miguu ameinyoosha, gunia mapajani. Anaingiza kidole kwenye tundu, anatikisa kichwa, kisha anachomeka sindano ndefu yenye uzi wa katani.

“Meno ya panya haya,” anasema. “Hili la tano tangu nifike. Zamani magunia matano ningeyangoja wiki nzima.”

Analipwa shilingi mia tatu kwa gunia. Panya wakizidi, naye anapata zaidi. Ungedhani anafurahi. Hafurahi hata kidogo, na ukikaa naye nusu saa utajua kwa nini.

Kwa miaka mingi, bundi wawili wenye nyuso nyeupe waliishi chini ya paa la ghala la mashine hii. Asubuhi Esteria alifagia mabonge waliyotapika, manyoya na vifupa vya panya vitupu. Panya hawakwisha, maana mpunga ulikuwepo, lakini hawakupita kiasi. Mwaka wa panya wengi, bundi walilea makinda wengi. Panya wakipungua, makinda nao walikuwa haba.

Mwaka juzi mjukuu wake, Mariana, alishikwa na malaria. Usiku aliofariki, bundi alilia juu ya paa la nyumba yao, jirani na mashine. Masalu, baba wa mtoto na mwana pekee wa Esteria, alimsikia.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa bundi huleta kifo. Masalu hakungoja hata matanga yaishe. Alipanda ghalani na fimbo, akamuua jike pamoja na makinda yake. Dume akaponyokea dirishani.

“Sikumzuia,” anasema Esteria. “Utamzuiaje mtu aliyetoka kuzika mwanae?”

Dume mmoja hawezi kulimudu ghala zima, wala hawezi kuzaa peke yake. Panya nao hawakungoja. Panya jike huzaa wengi kwa mkupuo, na muda si mrefu anabeba mimba tena. Walipojaa ghalani walihamia majumbani, wakatafuna hata mbegu. Mwenye mashine, Ngassa, akanunua sumu. Esteria akamsihi asiitege, kwani bundi akimla panya mwenye sumu, naye atakufa. Ngassa alikubali kungoja mpaka mavuno ya mwaka huu.

Kusihi huko kulimponza. Watu wakaanza kunong'ona: bibi anamtetea bundi, na panya wanampa hela, kuna nini? Usukumani, mwanamke mzee akishukiwa uchawi namna hiyo si jambo la kuchekea; wapo waliouawa. Masalu akaacha kumleta mtoto wake aliyebaki kwa bibi yake. Mwaka mzima hakukanyaga kwa mama yake.

“Naogopa watu, ndiyo,” anasema Esteria, sindano imesimama. “Lakini mwanangu mwenyewe kunidhania mchawi, hapo ndipo ninapolia.”

Wiki iliyopita Masalu alitokea na gunia lake la mbegu, limetobolewa. Alisimama mbali.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, ng'wanone,” alimjibu mwanawe. “Lete.”

Alimshonea bure. Alipomaliza, Masalu akauliza kama yule ndege bado analia.

“Analia kila usiku.”

“Anamwita nani?”

“Mke wake.”

Masalu akaketi juu ya magunia, akalia kwa sauti. Esteria anasema hakuwahi kumwona akitoa chozi tangu siku ya mazishi.

Sasa Ngassa amemruhusu Esteria atundike sanduku la mbao chini ya paa, ili jike mgeni akipita apate pa kutagia. Masalu ni seremala. Mama yake amemwomba aje Jumamosi alitengeneze.

“Bundi wakirudi, kazi yangu itapungua, najua,” anasema Esteria, akikata uzi kwa meno. “Ipungue. Na kama sanduku atashindwa kulitengeneza, si neno. Aje tu, na mtoto.”