Neno Ambalo Mama Hakulitamka

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne iliyopita, kondakta wa basi la Mbulu aligonga bati mara mbili pale stendi ya Katesh, akapaza sauti: "Haya, safari!" Abiria wengine waliendelea kutafuna karanga. Mimi nilicheka peke yangu, na mama mmoja aliyeketi kando yangu akasogeza kapu lake mbali kidogo.

Naomba nieleze kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyozoea.

Nyumbani kwetu Gendabi, mama yangu hakulitamka neno hilo hata mara moja. Alikuwa Mbarbaig wa Balangdalalu, binti wa wafugaji, aliyeolewa na baba yangu, Mwiraqw, mkulima wa mahindi na maharage. Mtu akiondoka, wengine walisema "safari njema". Mama alisema "mwendo mwema". Hakusema "safi" pia. Nguo iliyofuliwa kwake ilikuwa "nyeupe", hata kama ni kaniki nyeusi. Nilikuwa na tabia ya kuhesabu mambo, na maneno hayo mawili niliyaandika nyuma ya daftari langu la hesabu.

Nilijua mwiko wa wanawake wa Kibarbaig: mke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Lakini baba mkwe wa mama, yaani babu yangu, aliitwa Bura, na mama alimtaja kama sisi sote, kwa desturi ya Wairaqw. Kwa hiyo nikahitimisha, kwa akili ya mtoto anayependa kuhitimisha, kwamba mama aliogopa safari zenyewe. Bibi, mzaa baba, alikuwa akimtania: "We mke wa mwanangu, nyuki amekuuma ulimi? Hebu sema: sa-fa-ri!" Mama alicheka tu, akaendelea kupukuchua mahindi.

Nilipofika miaka kumi na minne sikuchaguliwa kwenda sekondari. Shangazi yangu wa Mbulu akakubali kunipokea nijifunze cherehani. Sikuwahi kulala mbali na nyumbani, na niliogopa kuliko nilivyokubali kusema. Asubuhi ya kuondoka majirani walikuja kunipa mkono, kila mmoja na "safari njema" yake. Mama alikuja mwisho. Alinipaka samli kwenye paji la uso. Ile harufu ya moshi wa kibuyu cha samli naisikia hadi leo.

"Mwendo mwema, mwanangu."

"Sema safari njema, mama."

"Mwendo mwema."

"Leo tu! Au hutaki nirudi?"

Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Kisha akageuka akaingia ndani. Niliondoka nikiamini kwamba watu wote wamenibariki isipokuwa mama yangu mzazi.

Baba alisukuma baiskeli, sanduku langu la bati likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Hakuwa msemaji. Tulipokaribia Jorodom, njiani kwenda stendi ya Katesh, alisimama, akaiegemeza baiskeli kiunoni.

"Acha kulia, nikuambie kitu," alisema. "Safari ni jina la mtu."

Akanieleza. Balangdalalu kulikuwa na mzee aitwaye Safari, mwenye mtoto mwanajeshi. Kijana yule na mama walipendana tangu wakichunga ndama, wakaoana. Walikaa pamoja miezi miwili, vita ya Uganda ikaanza, kijana akaitwa. Hakurudi. Mzee Safari alingoja miaka miwili, kisha yeye mwenyewe akamrudisha mama kwao, akisema binti wa watu asizeeke akitazama barabara. Mama aliondoka, lakini heshima ya mkwe wake hakuiacha kule.

"Nani alikuambia?"

"Mjomba wako, siku nilipopeleka ng'ombe wa mahari. Bibi yako asisikie. Atasema nimeoa mke wa mtu."

"Mama anajua kwamba unajua?"

"Hajaniambia, sijamuuliza."

"Na huoni wivu?"

Baba alianza tena kusukuma baiskeli. "Yule alikwenda vitani, mimi nilibaki nalima. Nimwonee wivu wa nini?"

Kutoka Mbulu niliandika barua yangu ya kwanza: "Shikamoo mama. Nimefika. Mwendo ulikuwa mwema." Mama hakujua kusoma. Naambiwa alimtaka baba aisome mara tatu, na mara ya tatu akaichukua akaiweka ndani ya kibuyu kikavu.

Miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa natunza siri ya baba. Bibi alishafariki bila kuijua. Jumapili, siku mbili kabla ya basi lile, tukichambua maharage uani, nikaona umri umenipa ruhusa, nikamwambia mama yote aliyonieleza baba njiani. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba yako anajiona mjanja! Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuoane. Akarudi kutoka shamba, akaniuliza kama suruali yake ya bluu imekuwa nyeupe. Mwiraqw gani anasema hivyo? Nikajua ameambiwa. Mpaka siku ile mzigo wangu ulikuwa haujafunguliwa, uko pale nyuma ya mlango. Jioni hiyo nikaufungua."

Utoto wangu wote nilihesabu maneno ambayo mama hakuyasema. Sikuwahi kuhesabu ya baba. Neno lile nililisikia kinywani mwake mara moja tu, kule Jorodom, tena kwa ajili ya kunituliza mimi. Nilidhani mapenzi ya nyumbani kwetu yalikufa vitani na kijana nisiyemjua, na kwamba sisi tulikuwa mabaki. Kumbe baba na mama wote wawili walimkaribisha yule kijana, wakampa nafasi yake, wakaendelea kuishi.

"Mbona hukumwambia kwamba unajua?" nilimuuliza.

Mama alipuliza makapi kwenye ungo.

"Nimwambie nini? Kila akienda mnadani Katesh namwambia mwendo mwema, naye ananiitikia. Tulishazungumza."